Kiambaza, Tumbawe na Bamba: Ukuta na Pigo katika Historia ya Ilala, 1866–2011

Tangu Wajerumani walipotangaza kanuni za kwanza za ujenzi wa mji wa Dar es Salaam mwaka 1891, kuta za mji huo zimekuwa zikiulizwa swali moja: je, zitadumu? Jibu la swali hilo ndilo lililougawa mji. Nyumba zilizohesabiwa kuwa za kudumu zilipewa upande wa bahari na barabara pana. Zilizohesabiwa kuwa za muda zilisogezwa nyuma, hadi mahali palipokuja kuitwa Kariakoo. Swali la pili, yaani ukuta utafanya nini siku utakapopigwa, lilibaki pembeni. Insha hii inashughulikia swali hilo la pili. Inaazima kipimo kutoka katika uhandisi wa vifaa, hususan elimu ya paneli zenye kiini cha povu la metali, na kukitumia kusoma upya aina tatu za ukuta zilizofuatana katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ilala: ukuta wa matumbawe, kiambaza cha miti na udongo, na ukuta wa matofali ya saruji uliofunikwa kwa bati.

Kuazima huko kunahitaji kutetewa. Paneli za povu la metali zimekuzwa kwa ajili ya magari, treni na vyombo vya anga; si bidhaa ambayo fundi wa Ilala huiendea katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani. Hata hivyo, kanuni inayoziwezesha kuhimili pigo ni kongwe kuliko paneli zenyewe, na mafundi wa pwani walikuwa wakiitumia bila kuipa jina. Waandishi wa historia ya miji ya Afrika Mashariki wamezoea kuusoma ukuta kama alama: alama ya rangi, ya tabaka, ya ustaarabu unaodaiwa au kukanushwa. Usomaji huo una manufaa yake, lakini ukuta ni kitu kinachofanya kazi kabla ya kuwa alama, na kazi hiyo ina historia.

Namna paneli inavyopokea pigo

Povu la metali ni metali iliyojaa vitundu. Njia mojawapo ya kulitengeneza ni kuyeyusha alumini kwa joto linalozidi nyuzi 660 za Selsiasi, kuufanya uji wake uwe mzito kwa kuongeza kalisi, kisha kuchanganya unga wa haidridi ya titani. Unga huo ukipata joto hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi huiumua alumini kama hamira inavyoumua kinyunya cha mkate. Metali inapopoa, vitundu hubaki. Wazo hilo lina umri. Hataza ya Benjamin Sosnick, aliyetumia mvuke wa zebaki badala ya haidrojeni, ilitolewa Marekani mwaka 1948. Nadharia yake ilichelewa zaidi: mwaka 1988 Lorna Gibson na Michael Ashby walichapisha uchambuzi uliokusanya povu, mbao, mfupa na kizibo cha chupa katika familia moja ya vitu vigumu vyenye vitundu.

Hewa huchukua kati ya asilimia 75 na 95 ya ujazo wa povu la alumini, na kipande chenye vitundu vilivyofungika huelea majini. Kinachowavutia wahandisi si wepesi huo peke yake. Povu likigandamizwa, mwanzoni hukaza kidogo kama metali nyingine yoyote. Baadaye safu moja ya vitundu huanguka, kisha safu inayofuata, na kwa muda mrefu nguvu inayohitajika kuendelea kulibonyeza hubaki karibu ileile. Mwishowe vitundu vyote huwa vimekwisha, kuta zao hugusana, na povu hugeuka kuwa gumu kama metali isiyo na kitundu. Hatua ya katikati ndiyo yenye thamani. Kila kitundu kinachoanguka hula sehemu ya nishati ya pigo, na kinachofika upande wa pili hakizidi kile ambacho povu limekubali kukipitisha. Kwa maneno mengine, kifaa hiki hulinda kwa kuharibika, mradi kiharibike polepole na kwa mpangilio.

Povu peke yake, hata hivyo, hukatika kwa urahisi likivutwa. Ndiyo sababu hufungwa kati ya mabamba mawili membamba ya metali kamili. Bamba la mbele hulitawanya pigo ili lisitue mahali pamoja, kiini hujitoa, na bamba la nyuma huzuia vipande visiruke na kuifunga paneli isifumuke. Majaribio ya kuangusha uzito juu ya paneli huonyesha bamba la mbele likibonyea na kiini kikisagika chini yake, huku paneli nzima ikipinda. Pigo likiwa la kasi, kama la kipande kilichorushwa kwa bunduki ya gesi, paneli haipati muda wa kupinda: bamba la mbele hutobolewa, kiini husongamana mbele ya kipande hicho, na bamba la nyuma hupasuka likifunuka kama maua. Kasoro nazo zinajulikana. Kiini kizito mno hupitisha nguvu badala ya kuimeza. Kiini chepesi mno hupitwa tu. Kasoro inayoleta hasara kubwa ni ya tatu, pale bamba linapobanduka kutoka kwenye kiini, kwa sababu hapo kila sehemu hubaki kupigana peke yake.

Kipimo kinachoazimwa hapa, basi, ni maswali matatu yanayoulizwa kwa ukuta wowote. Je, ndani yake kuna kitu kinachoweza kuanguka kidogokidogo? Je, nje yake kuna kitu kinachoshikilia? Na viwili hivyo vimeunganishwa kwa nini?

Ukuta wa matumbawe

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, alileta pia mtindo wa ujenzi wa visiwani. Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 na ambalo bado limesimama kando ya barabara ya Sokoine katika Kata ya Kivukoni, ni mfano uliosalia wa mtindo huo: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, na boriti za mikoko zilizobeba sakafu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kawaida usiozidi mita tatu. Unene wa ukuta, ambao mara nyingi hupita nusu mita, uliamuliwa na jiwe lenyewe.

Tumbawe ni jiwe la vitundu. Mafundi wa pwani walitofautisha jiwe lililochimbwa nchi kavu, gumu na lisilo na umbo, na tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado laini, ambalo lilichongwa miimo ya milango na mihrabu kabla hewa haijalikausha na kuliimarisha. Ukuta wa kawaida ulijengwa kwa jiwe la aina ya kwanza: nyuso mbili za mawe yaliyochaguliwa, katikati mawe madogo yaliyozamishwa katika chokaa, kisha lipu ya chokaa pande zote. Anayeutazama ukuta huo mahali lipu ilipobanduka huona kitu kinachokaribia sana mchoro wa paneli: kiini chenye matundu kilichovikwa ngozi mbili.

Mfanano huo wa umbo unaungwa mkono na ushahidi wa ng'ambo. Ngome ya San Marcos huko Florida ilijengwa na Wahispania kwa jiwe lililoundwa na magamba ya viumbe wa baharini yaliyoshikamana. Si tumbawe, ila ni ndugu yake kwa umbo. Waingereza waliizingira mwaka 1702 na tena mwaka 1740, na risasi zao za mizinga zilizama ukutani badala ya kuupasua. Majaribio ya maabara yaliyofanywa Florida katika muongo wa 2010 yalionyesha kwamba jiwe hilo, likipigwa, husagika mahali pamoja na kumeza nishati kwa namna inayofanana na povu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe, ilistahimili mazingiwa ya Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ilipoanguka, maradhi na njaa vilikuwa vimekwisha kuwamaliza waliokuwa ndani. Kuta zilikuwa bado zimesimama.

Ushahidi huo una mpaka wake, na hapa ndipo sifa za jiwe la pwani huvutwa kupita kiasi. Risasi ya mzinga ya karne ya 17 ilikuwa tufe la chuma: ilikuja, ikagonga, ikasimama. Kombora la karne ya 19 lilikuwa na baruti ndani yake, na pigo lake la pili lilitokea baada ya kuingia ukutani. Mwaka 1875 manowari za Uingereza zilipoishambulia Ngome ya Yesu, saa chache zilitosha kumfanya Akida aliyeishikilia asalimu amri. Tarehe 27 Agosti 1896, huko Zanzibar ambako mafundi wa Majid walijifunzia kazi, mashambulizi yaliyodumu takriban dakika 40 yaliangamiza Beit al-Hukm, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao, pamoja na kasri la jirani. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, yenye kuta nene na nguzo za chuma, ilibaki imesimama.

Zamu ya Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea iliupiga mji kwa lengo la kuunyamazisha mnara wa simu ya upepo. Tarehe 28 Novemba manowari Goliath na Fox ziliushambulia tena, na nyumba ya Gavana iliyokuwa ikiitazama bahari iliharibiwa vibaya. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 walikuta gofu, wakalijenga upya hadi mwaka 1922 kwa matao na baraza zilizoiga mtindo wa pwani. Jengo hilo ndilo Ikulu ya sasa.

Kwa kipimo cha maswali matatu, ukuta wa matumbawe una jibu zuri kwa swali la kwanza na jibu baya kwa la pili. Kiini chake hujitoa vizuri. Ngozi yake, lipu ya chokaa ya unene wa kidole, haishikilii chochote. Chokaa huvumilia kubanwa, lakini ikivutwa hukatika. Pigo lililotulia ndani ya jiwe lilimezwa, ila pigo lililolipuka ndani ya jiwe liliurusha ukuta mzima nje, kwa kuwa hakukuwa na bamba la nyuma la kuufunga. Ujenzi mpya wa mwaka 1922 unakumbukwa kwa umbo la matao yake, na mjadala kuhusu kuta zilizoanguka haukuacha alama katika kanuni za mji.

Kiambaza

Kanuni za mwaka 1891 ziligawa mji katika maeneo matatu kwa kigezo cha ujenzi: eneo la nyumba za mtindo wa Ulaya, eneo la nyumba za vifaa vya kudumu, na eneo la nyumba za wenyeji. Kigezo kilitamkwa kuwa ni cha vifaa. Matokeo yake yalikuwa ya rangi. Waingereza, ambao masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa yaliwazuia kubagua waziwazi, waliona mgawanyo wa vifaa unawafaa na wakauendeleza. Ardhi ya shamba la Schoeller, ambayo Wajerumani walikuwa wameitwaa katika mkesha wa vita kwa ajili ya makazi ya Waafrika, iligeuzwa mwaka 1916 kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, na jina la kikosi chao likatamkwa na wenyeji kuwa Kariakoo. Katika miaka ya 1920 viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka kati ya mji wa mawe na mji wa udongo.

Nyumba iliyojazwa katika viwanja hivyo inajulikana: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Uchunguzi wa J. A. K. Leslie, uliochapishwa mwaka 1963, uliwakuta maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam wakiishi katika nyumba za namna hiyo, wengi wakiwa wapangaji wa chumba kimoja. Paa lilikuwa la makuti, kisha la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigwa yakalala, kisha la bati. Ukuta wake ulikuwa kiambaza.

Kiambaza kinastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu nyaraka za utawala hukitaja kwa maneno mawili, nyumba ya udongo, na maneno hayo mawili yana kosa. Fundi huanza kwa kuchimbia nguzo, nyingi zikiwa za mikoko. Juu yake hufungwa mwamba wa paa, hivyo uzito wa paa hubebwa na nguzo, si na udongo. Baada ya hapo fito hufungwa kwa kamba kwa ulalo, safu moja upande wa nje wa nguzo na nyingine upande wa ndani, zikiacha nafasi katikati. Nafasi hiyo hujazwa mawe madogo, mara nyingi vipande vya matumbawe, pamoja na udongo uliokandwa kwa miguu. Ukuta hukandikwa, huachwa ukauke na kupasuka, hukandikwa tena, na mwisho husiribwa kwa udongo laini au chokaa na mchanga. Kwa hiyo udongo ni kiini tu. Kinachofanya ukuta uwe ukuta ni nyavu mbili za fito zilizoubana.

Maswali matatu yakirudiwa hapa, majibu yake ni tofauti na yale ya tumbawe. Udongo uliochanganywa na mawe si povu: hauna wepesi wake wala hatua ile ndefu ya kujitoa kwa nguvu isiyobadilika. Hata hivyo hauvunjiki kwa ufa mmoja unaokimbia ukuta mzima. Hupondeka pale ulipopigwa, na mawe yaliyomo husukumana na kusuguana, na msuguano nao hula nishati. Fito ndizo zinazotoa kile ambacho chokaa haikuweza kukitoa. Mti huvumilia kuvutwa, hupinda kabla ya kukatika, na fito moja ikikatika jirani zake hubaki zimefungwa kwenye nguzo. Tena, kwa kuwa paa halikai juu ya udongo, tundu ukutani ni tundu tu. Fundi huliziba siku ya pili kwa udongo uleule ulioanguka.

Mjadala huu hauna haja ya kukipamba kiambaza. Maofisa wa afya wa kikoloni waliokilaumu walikuwa na sababu: mchwa hula nguzo kuanzia chini, mvua ya masika huosha kandiko, panya hupata maficho kati ya fito, na paa la makuti ni kuni. Kwa pigo la kasi kubwa, unene wa kiambaza ni mdogo mno kusimamisha kipande cha chuma. Lawama moja tu haikustahili, nayo ndiyo iliyoandikwa kwenye sheria: kwamba ukuta huo kwa asili yake ni wa muda. Haki ya mkazi juu ya kiwanja katika eneo la wenyeji ilikuwa ya muda mfupi. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hana sababu ya kununua nguzo bora. Sheria ilizaa nyumba za muda, kisha ikazitumia nyumba hizo kama ushahidi wa ulazima wake.

Waliotaka kuipandisha nyumba yao daraja walichukua njia iliyokuwa karibu: waliipaka kiambaza lipu ya saruji. Kwa macho, nyumba ilivuka kutoka udongo kwenda jiwe. Kwa kipimo cha swali la tatu, ilirudi nyuma. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Udongo ni laini, huvimba na kusinyaa kwa majira. Viwili hivyo havitembei pamoja, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka kwa vipande vikubwa, ikiacha uwazi kati yake na kandiko. Ndiyo kasoro ileile ya bamba linaloachana na kiini. Chokaa, iliyokuwa dhaifu zaidi, ilishikamana vizuri zaidi.

Tofali na bati

Mabadiliko ya baadaye yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Kiwanda cha Aluminium Africa kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Shirika lilibomoa viambaza Magomeni na kwingineko na kuweka nyumba za matofali ya saruji mahali pake. Kitengo cha Utafiti wa Majenzi, kilichoundwa mwaka 1971, kilijaribu kuitetea elimu ya udongo na vifaa vya karibu, lakini heshima ya tofali ilikuwa imekwisha kushinda. Lugha ya uhuru ilirithi lugha ya kanuni za kikoloni: nyumba bora ilikuwa nyumba ya kudumu, na nyumba ya kudumu ilikuwa ya saruji.

Ushindi huo ulikuwa na mantiki yake. Tofali la saruji haliliwi na mchwa wala haliyeyuki kwa mvua. Kwa kipimo cha pigo, hata hivyo, ukuta wa tofali usio na nondo ni kitu cha namna moja kutoka nje hadi ndani. Hauna kiini kinachojitoa wala ngozi inayoshikilia. Ukipigwa kwa nguvu inayozidi uwezo wake, hupasuka kwa kufuata viungo vya udongo wa saruji, na kwa kuwa katika nyumba nyingi ndogo ukuta huohuo ndio unaolibeba paa, ufa wa ukuta ni hatari ya nyumba nzima. Juu yake lipo bati la geji 28 au 30, lenye unene usiofika nusu milimita: ngozi moja, isiyo na kiini, isiyo na mwenzake.

Pigo pia si lazima litoke nje. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katika barabara ya Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, yana visa vyake vya vibali, nguzo na misingi ambavyo si vya insha hii. Ila sakafu inayoangukia sakafu nyingine ni pigo kwa maana kamili ya neno hilo, na jengo lililojengwa bila kitu cha kulimeza hulipitisha kutoka ghorofa hadi ghorofa.

Gongo la Mboto, 2011

Kisa kinachoweka swali la pigo mbele ya nyumba za kawaida za Ilala hakikutokea Kariakoo. Kilitokea Gongo la Mboto, upande wa kusini-magharibi wa wilaya hiyohiyo, katika makazi yaliyokua kwa kasi wakati mji wa katikati ulipojaa na familia nyingi kutafuta viwanja pembezoni. Nyumba walizojenga huko zilikuwa zile ambazo nusu karne ya sera ilikuwa imewafundisha kuziita bora: tofali na bati. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania yalilipuka, na milipuko ikaendelea kwa saa kadhaa. Mabomu na vipande vya vyuma viliruka na kutua katika makazi. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifungwa kwa muda. Maelfu ya watu walizikimbia nyumba zao usiku, wengi wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Waliofariki walizidi 20. Mkasa wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kutokea Mbagala, Wilaya ya Temeke, tarehe 29 Aprili 2009.

Mjadala wa umma uliofuata ulihusu uhifadhi wa silaha, umbali kati ya kambi na makazi, na fidia. Hayo ndiyo yaliyopaswa kutangulia: hakuna ukuta wa makazi unaojengwa kwa matarajio ya kupigwa na kombora, na jukumu la kuliweka kombora mbali na watoto haliwezi kuhamishiwa kwa fundi muashi. Kwa historia ya ukuta, hata hivyo, usiku ule unabaki kuwa ushahidi usio na kifani. Mapigo yalikuwa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa wimbi la hewa, pana na la ghafla, ambalo husukuma ukuta mzima kwa wakati mmoja. La pili lilikuwa vipande vya chuma vilivyoanguka kutoka juu, vidogo na vya kasi. Nyumba ya tofali na bati iliyakabili yote mawili kwa upande wake dhaifu: ukuta usiopinda mbele ya wimbi linalotaka ukuta upinde, na paa la ngozi moja mbele ya chuma kinachoshuka.

Mtu anaweza kudhani kwamba hoja inaelekea kwenye pendekezo la kufunika nyumba za Gongo la Mboto kwa paneli za povu la alumini. Haielekei huko. Bei ya paneli hizo inatosha kuliondoa wazo, na hata zikipatikana, paneli nyembamba hutobolewa na kipande chenye kasi ya kutosha. Kinachosaidia ni kujua kwamba sifa tatu zinazotafutwa katika paneli hizo zilikuwapo, kila moja kwa kiasi chake, katika kuta ambazo mji uliziacha au kuzibomoa. Tumbawe lilikuwa na kiini bila ngozi. Kiambaza kilikuwa na ngozi ya fito, nguzo zilizobeba paa, na kiini cha wastani. Tofali lilishinda vyote kwa umri, likaja bila kiini wala ngozi. Nondo chache za mlalo, au wavu wa waya uliozamishwa katika lipu na kufungwa kwenye nguzo za zege, vingelipa tofali kile ambacho fito zilikipa udongo. Mbinu hizo ni za bei ndogo na zinajulikana kwa mafundi. Zinakosa tu mahali pa kuandikwa katika swali linalouliza kama nyumba itadumu.

Alama ya swali hilo bado ipo. Sensa za Watu na Makazi huuliza kitu kikuu kilichotumika kujenga kuta za nyumba, na hutoa orodha: mawe, matofali ya saruji, matofali ya kuchoma, miti na udongo, na kadhalika. Karani huchagua jibu moja. Nyumba ya Kariakoo yenye nguzo za mikoko, fito pande mbili, vipande vya matumbawe na udongo katikati, na lipu ya saruji juu yake, huandikwa kwa neno moja kama nyingine zote, na neno hilo hutegemea kama karani ameitazama nyumba kutoka barabarani au ameingia uani, mahali lipu ilipobanduka.